Tusi Lililowaenea Wote

Wiki jana tulimwacha Symphorien nyuma ya ukuta wa shule, pale mtaani Shituru, kofia mkononi, akisikiliza wimbo. Kama gazeti la wiki jana lilishafungiwa samaki nyumbani kwako, usijali. Yaliyopita ni haya.

Symphorien ni fundi wa mashine katika karakana ya kiwanda cha shaba. Mke wake, Danielle, alifariki mwaka 1990. Mwana wao wa pekee, Jean-Luc, akavuka kwenda Zambia kutafuta maisha, na barua yake ya kwanza ndiyo ikawa ya mwisho. Kiwanda nacho kikaanza kufa kipande kwa kipande, leo tanuru hili, kesho mashine ile. Mvua za kwanza za 1992 zilimkuta Symphorien katika nyumba ya vyumba vitatu ambamo kikohozi chake ndicho kilichokuwa mazungumzo.

Ndipo akausikia wimbo.

"Tumechoka kubisha hodi kwetu," waliimba vijana mia mbili upande wa pili wa ukuta, matawi mikononi. Waliwaimbia majirani zao wenye asili ya mkoa wa Kasai, wafungashe na kuondoka.

Symphorien aliyatambua maneno yale kama mtu anavyolitambua koti lake mgongoni mwa mwizi. Aliyatunga yeye, yakiwa tusi, kabla hayajageuzwa wimbo.

Ili mjue yalivyotoka kinywani mwake, inabidi turudi karakana.

Pale karakana kulikuwa na fundi wa kuchomea vyuma aliyeitwa Kazadi. Baba yake, Mluba, alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Kazadi mwenyewe alizaliwa hapa hapa, mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville. Symphorien ni Msanga, mwenyeji wa upande wa Kambove. Kwa miaka kumi na tisa watu hawa wawili walitukanana kila asubuhi, na wenzao walifika kazini mapema ili wasikose.

Kazadi alikuwa akianza, akiwa bado anavua saa yake:

"Symphorien, kivuli yako inafikaka ku kazi mbele yako. Inasaini, inakaa, inakungojea."

Naye Symphorien, akifunga vifungo vya nguo za kazi bila haraka:

"Minye nachelewaka, ni kweli. Lakini weye, Kazadi, unaogaka na kravati, juu maji isikuzoee."

Watu walishika mbavu. Kazadi alipenda tai kweli. Alikuja nayo kazini kila siku, akaitundika kwenye msumari kabla ya kuvaa miwani ya moto, na jioni akaifunga tena ili atembee mita mia sita hadi kwake.

"Na minye nikuambie," Kazadi alirudisha. "Ukiimbaka ku misa, padri anaruka mistari, anaenda moja kwa moja ku amina."

Walikuwa na sheria zao, ingawa hakuna aliyeziandika. Mama wa mtu haguswi. Ugonjwa hauguswi. Tusi la jana halirudiwi leo. Anayekasirika ameshindwa. Anayecheka kwanza pia ameshindwa, ila kwa heshima.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya Kazadi.

"Tusi muzuri iko sawa shati," alizoea kusema. "Mushonaji anakupima kwanza. Kama inakuenea weye, na inaenea jirani, na inaenea kila muntu mwenye kupita, ile haiko shati. Ni gunia."

Danielle alipofariki, Symphorien alikaa mkekani siku tatu bila kula. Ndugu walimbembeleza. Padri alikuja. Akina mama wa parokia waliimba mpaka sauti zikakauka. Hakula.

Siku ya tatu, mchana, Kazadi aliingia na tai nyeusi shingoni, akasimama mbele yake, watu wote wa matanga wakitazama.

"Ule mwanamuke alikuvumilia miaka makumi mbili na tatu," alisema. "Sasa amepata kupumuzika kidogo, weye unataka kumufwata. Hata kule, akisikia unakuya, atahama."

Shangazi wa marehemu aliinuka kwa hasira. Lakini mabega ya Symphorien yalikuwa yameshaanza kutikisika. Alicheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikadumu, na kilipokwisha aliomba maji ya kunawa. Alikula nusu sahani ya bukari, ule ugali wa kwao, Kazadi amekaa karibu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, asubuhi moja ya baridi kali, karakana ilijaa kuliko kawaida. Mashine za upande wa pili zilikuwa zimesimama na mafundi wake walikuja kuota moto. Walikuwa watu kama sitini. Kazadi alikuwa amemshinda Symphorien siku mbili mfululizo, na Symphorien alikuwa amekesha akitengeneza jibu.

Lilikuwa jibu la kipimo. Kazadi alikuwa na tabia, akija kumtembelea, ya kukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba na kuigeuza redio atakavyo. Kwa hiyo tusi lilipaswa kuanza na jina lake: Kazadi akiingia kwako. Lakini Symphorien alipoziona zile nyuso sitini zikimngoja, ulimi ukaona njia pana zaidi.

"Muluba wa Kasai akiingia kwako," alisema, "mangaribi ni mugeni. Asubuhi, njo weye unabisha hodi."

Karakana ililipuka kwa kicheko. Mtu alipiga bomba kwa nyundo. Fundi mmoja wa miaka thelathini hivi, Nicolas, alilirudia tusi lile mara tatu midomoni ili lisimpotee.

Kazadi hakujibu upesi. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Na nikifungua mulango, nakupatia kiti. Juu, mbele ya minye kuya, ulikuwaka unaikala chini."

Watu wakacheka tena, mchezo ukaisha sare. Lakini wakati wa kunawa mikono, Kazadi alimsogelea.

"Ya leo haiko shati, ndugu yangu."

"Balicheka," Symphorien alijitetea.

"Balicheka. Lakini haukunipima minye."

Hawakulizungumza tena. Mwaka ukapita. Mwezi wa nane wa 1992 karakana ilifungwa, na tangu hapo Kazadi hakufika kwa Symphorien. Mitaani watu walikuwa wameanza kuulizana asili, nani wa huku na nani wa kule. Kazadi alikaa kwake. Symphorien naye hakwenda. Kila siku alijiambia ataenda kesho.

Sasa turudi kwenye wimbo.

Siku ya pili yake, mchana, Nicolas alibisha kwa Symphorien. Hakuwa tena fundi. Alikuwa mkubwa wa vijana wa chama kilichotaka watu wa Kasai waondoke hapo Shituru, na filimbi ilining'inia shingoni mwake. Alikuja na wenzake watatu na dumu la munkoyo, kile kinywaji cha mahindi ambacho Danielle alikuwa hodari wa kukitengeneza.

"Muzee," alisema, "bantu banajua wimbo, habajue mwenye kutunga. Minye niliwaambia: huyu eko mwalimu yangu. Dimanche unakuya ku terrain. Utakaa mbele."

Symphorien alilijua jibu. Alikuwa nalo tangu pale nyuma ya ukuta. Alipaswa kusema kwamba maneno yale yalikuwa ya rafiki yake, wayaache.

Lakini tangu mwezi wa nane hakuna mtu aliyekanyaga nyumba ile. Vijana walikaa. Walikunywa. Walicheka hata kabla hajamaliza sentensi. Mmoja aliona bawaba ya mlango imelegea, akaikaza bila kuombwa. Walipoondoka, Symphorien aliviosha vikombe vinne, akaviosha polepole ili kazi isiishe.

Jumapili akaenda.

Hili linalofuata hakuliungama hata kwa padri.

Pale uwanja wa mpira walimpa kiti cha mbele, kisha wakampandisha jukwaani, wakampa kipaza sauti. Hakuna aliyemlazimisha. Alilisema tusi lile neno kwa neno, akatua pale pale alipotua karakana, akamalizia.

Watu kama elfu walicheka kwa pamoja. Kicheko kilimpiga kifuani kama joto la tanuru mlango unapofunguliwa. Alifurahi. Akijihukumu leo, huanzia hapo. Maneno anaweza kuyatafutia udhuru, furaha ile hawezi.

Kisha akanyamaza, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, akingoja jibu.

Hakuna aliyejibu. Walirudia tu. Walirudia mara mbili, mara kumi, wakapiga makofi, wakaligeuza wimbo. Alizitazama nyuso moja moja, akimtafuta mtu atakayemwambia kwamba kivuli chake kilifika uwanjani tangu asubuhi. Hakuwapo. Elfu nzima ya watu, na hakuna hata mmoja wa kumrudishia neno.

Aliteremka jukwaani. Vijana walimpigapiga mgongoni. Alitembea hadi nyumbani akiwa mpweke kuliko wakati wa matanga ya mkewe, maana wakati ule palikuwa na mtu wa kumtukana.

Jumanne alijikaza, akaenda kwa Kazadi. Ni nyumba ya kampuni, mtaa wa tatu kutoka kwake. Alibisha. Mwanamke asiyemjua alifungua, mtoto mgongoni.

"Jambo, mama. Natafuta Kazadi."

"Kazadi njo nani?"

"Mwenye nyumba."

Yule mwanamke alimtazama bila ubaya wowote.

"Mwenye nyumba ni minye, tangu jana. Bale balienda ku gare, na benzabo bote."

Ukutani, nyuma yake, tai mbili zilikuwa bado zinaning'inia kwenye msumari.

Stesheni ya treni, hiyo wanayoita gare, ilikuwa imegeuka mji ndani ya mji. Maelfu ya watu walingojea treni ya kwenda Kasai, mkoa ambao wengi wao hawajapata kuuona kwa macho. Walikaa chini ya mashuka, magunia na mabati, kati ya reli na ukuta, na mvua ya asubuhi ilikuwa imepita juu yao wote.

Aliyemwona kwanza ni Orpa, binti wa Kazadi. Hadi majuzi Orpa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

"Papa Symphorien," alisema. Hakumpa mkono.

"Mwana yangu. Papa eko wapi?"

"Eko. Mama naye eko, lakini mama anagonjwa. Ni tumbo."

"Nilileta unga."

"Weka pale." Orpa aliutazama mfuko, hakumtazama yeye. "Ile siku balikuya ku nyumba, baliimba. Papa alisimama ku mulango anasikiliza. Alituambia, hii neno najua fundi yake."

"Alikasirika?"

"Hapana. Afazali angekasirika."

Kazadi alikuwa amekaa juu ya sanduku, karibu na mkeka alikolala mkewe, Madeleine. Hakuwa na tai. Symphorien alitambua kwamba kwa miaka yote ile hakuwahi kuiona shingo ya rafiki yake nje ya karakana. Ilikuwa shingo ya mzee.

Njia nzima alikuwa ameandaa sentensi moja. Aliisema kwa ile sauti yao ya karakana:

"Kazadi. Naona leo maji imekuzoea."

Watu wa karibu waligeuka. Mwanamume mmoja aliinuka, ngumi imekunjwa. Kazadi alimwashiria akae, kisha akamgeukia mgeni wake.

"Jambo, bwana Symphorien. Aksanti kwa kuya. Ba ku nyumba beko wazima?"

Kazadi alijua kuliko mtu yeyote hapa duniani kwamba huko nyumbani hakuna watu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amemwita mvivu, chura wa kwaya, msumari ulioota kutu. Hakuwahi hata siku moja kumwita bwana.

"Beko wazima," Symphorien alijibu.

"Tunashukuru Mungu. Unga tumeiona. Aksanti sana, bwana."

Ilikuwa adabu kamili, haina hata ufa wa kuingiza kucha. Symphorien alisimama pale kidogo, akaaga, akaondoka akijigonga kwenye sufuria za watu.

Alirudi baada ya siku mbili na sabuni. Alirudi tena na makaa, tena na maji aliyoyachemsha mwenyewe kwa ajili ya Madeleine. Kila mara alipokelewa na adabu ile ile. Aksanti, bwana. Mungu akubariki, bwana. Uende salama, bwana.

Safari ya tano, Nicolas alimsimamisha njiani.

"Muzee, huu mufuko unaenda wapi?"

"Ku shamba."

Nicolas aliinua kidole, akaonyesha upande mwingine kabisa wa mji.

"Shamba iko kule."

"Minye najua fasi shamba yangu iko," Symphorien alijibu, akapita. Nyuma yake hakusikia kicheko.

Ikanyesha mfululizo wiki nzima. Homa ilimlaza Symphorien, na hakuna aliyejua, kwa hiyo hakuna aliyekuja. Alipopata nguvu za kufika stesheni, alimkuta Orpa amekata nywele zote, amefunga kitambaa cheusi kiunoni.

"Mama tulimuzika," alisema. "Leo siku ya ine."

"Siku ya ine? Na haukutuma muntu aniambie?"

"Papa alikataza. Alisema usisumbuliwe."

Kazadi alikuwa juu ya sanduku lile lile. Miguuni pake palikuwa na sahani ya bukari iliyoota ngozi kwa kukauka. Orpa alisema siku zote nne tangu mazishi hajaonja kitu ila maji.

Symphorien alikaa chini, kwenye tope. Alijua kazi inayotakiwa. Alimjua na Madeleine vizuri, mwanamke mkubwa wa mwili, mkali, aliyewahi kuwafukuza wote wawili barazani kwa mwiko kwa sababu kelele zao zilimwamsha mtoto. Palikuwa na tusi zuri ndani ya mwiko ule. Alilitafuta. Alilipata, akaligeuza, akalipima. Kisha akaona kwamba mtu wa kulisema ni lazima awe na mikono safi, akalimeza.

"Pole," alisema.

"Aksanti, bwana."

Mahali fulani mtoto alikuwa akilia kwa sauti moja tu, bila kupumzika.

"Kazadi, iko neno nataka kukuambia. Ile dimanche, ku terrain, mwenye kushika mikro alikuwa minye."

"Najua. Mupepo ilikuwa inaleta sauti yako."

"Balinipatia kiti. Nilikuwa peke yangu mu ile nyumba, Kazadi. Siku yote, peke yangu. Bale vijana balikuya, balicheka..."

"Na ile najua."

Kazadi aliitazama mikono yake. Alipozungumza tena, adabu ilikuwa imemtoka, na sauti yake ilikuwa ya karakana, ila bila mchezo.

"Ya kwanza ulisema minye nikiwa pale. Ilikuwa mubaya. Lakini nilikuwa na kinywa, nilikujibu, na tulinawa mikono pamoja. Ya pili ulisema minye sipo. Ulisema mbele ya bantu elfu, na hakukuwa hata moja mwenye kukujibu. Ile haikuwa michezo tena, Symphorien. Ile siku ulinitukana kweli."

Symphorien aliinamisha kichwa. Kati ya maneno yote yale aliona aibu kwamba moyo wake ulikuwa umeshika moja tu, jina lake, limetamkwa bila lile neno bwana.

"Nifanye nini?"

"Sijue. Minye naenda. Weye unabakia nabo."

"Kula kidogo, basi."

Kazadi aliivuta sahani karibu kidogo na mguu wake, akaiacha hapo.

Treni ilikuja Ijumaa iliyofuata. Habari zilimfikia Symphorien saa nne asubuhi, na alifika stesheni akihema. Yalikuwa mabehewa ya mizigo, milango wazi, watu ndani, watu juu ya mapaa, magodoro, mabeseni, kuku. Askari walikuwa wamekaza kamba ili asiyesafiri asisogee. Yeye hakuwa msafiri. Alisimama kwenye kamba pamoja na waliokuja kutazama, na wengine kati yao walikuwa wamekuja kushangilia.

Aliifuata kamba ile, behewa kwa behewa, akiwatazama waliomo. Katika la nne alimwona Orpa. Nyuma ya Orpa, mlangoni kabisa, Kazadi alikuwa amesimama, mkono mmoja ameshika chuma cha juu.

"Kazadi," aliita.

Watu walimtazama. Askari alimtazama. Aliita tena, kwa nguvu zaidi.

Kazadi aligeuza kichwa. Alimwona. Walitazamana kwa muda mrefu, katikati yao kamba, askari na lile tope. Injini ilitoa moshi. Behewa likashtuka mara moja, likatulia, likashtuka tena na kuanza kwenda.

Ndipo Kazadi alipoweka mkono kando ya kinywa, akasema kitu.

Honi ya treni ililia wakati ule ule, ndefu, ikafunika kila sauti. Symphorien aliona midomo tu. Aliiona ikianza, ikienda, ikitua katikati, pale pale Kazadi alipozoea kutua ili watu wavute pumzi. Kisha ikamalizia.

Mama aliyekuwa kando ya Kazadi aliangua kicheko. Mzee mmoja juu ya paa aliinama kuuliza kimesemwa nini, akaambiwa, naye akacheka, akimpiga mwenzake begani. Behewa zima lilikuwa likicheka, watu waliokuwa wamezika jamaa zao wiki ile ile. Orpa alijifunika uso kwa kitambaa, na mabega yake yalikuwa yakitikisika, ila kwa mbali ile haikujulikana kama ni kicheko au la.

"Umesema nini?" Symphorien alipiga kelele. "Kazadi, rudia. Sikusikia."

Kazadi hakurudia. Alimtazama tu, uso hauonyeshi kitu, kama mshindi yeyote wa karakana.

Symphorien aliinama, akapita chini ya kamba, akakimbia. Alikimbia na behewa la nne, kisha na la tano, kisha na la saba, akirudia swali lile lile kwa watu wasiomjua. Jukwaa la stesheni likaisha. Alishuka kwenye kokoto za reli, akaanguka, goti likachanika, akainuka, akaenda hatua chache zaidi. Behewa la mwisho lilimpita.

Alibaki amesimama kati ya reli, anahema, machozi yanamtiririka, na midomoni mwake mwenyewe kulikuwa na kicheko kilichotaka kutoka kwa tusi asilolijua. Labda alikuwa amesamehewa kwa namna ile pekee waliyoijua wao wawili. Labda sivyo. Watu hucheka hata mtu anapolaaniwa.

Nyuma yake kokoto zilisikika.

Aligeuka. Alikuwa Nicolas, na vijana watano pamoja naye. Mmoja wao ndiye aliyekaza bawaba ya mlango wake. Hakuna aliyekuwa akitabasamu.

"Muzee," Nicolas alisema polepole, "tumekuona unakimbia na treni. Ulikuwa unamufukuza, ao ulikuwa unamusindikiza?"

Wote sita walikuwa wakimtazama mdomoni, wakingoja jibu.